Tanuri la Meno na Jiko la Bi Mwanahawa

Papa Benoît alinitumia ujumbe wa sauti Jumanne asubuhi. Nilikuwa juu ya ngazi, kichwa ndani ya dari ya fleti moja ya Greyville, hapa Durban, tochi nimeiuma kwa meno, nikadhani ni zile dua zake za kila wiki, nikauacha mpaka niliposhuka. "Zaina, mutoto yangu," alisema, na nyuma yake nikasikia honi za Pretoria, maana siku hizi anaishi huko. "Fundi Wambua hayuko tena. Balimuzika Jumamosi, kwabo, Kitui. Mukwe wake ndiye ameniambia leo. Mi nimekaa tu apa, sifanye kazi." Nikakaa chini kwenye kapeti la watu, mgongo ukutani, na mwenye fleti akanikimbilia na maji akidhani nimepigwa shoti. Nikamwambia hapana dada, ni habari tu. Nilimaliza kazi yake, nikarudi nyumbani, nikakuta sina njaa, mimi ambaye njaa haijawahi kuniacha tangu nizaliwe. Na tangu siku hiyo kuna mwaka mmoja umenikalia. Nikifumba macho naingia mle jikoni, nasikia mafuta yanavyochemka, nasikia watu wakibishana kuhusu chumvi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tuliishi mtaa wa Overport, kwenye nyumba ya zamani ya matofali mekundu iliyoinama kidogo kuelekea Berea kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Mpangaji mkuu alikuwa Bi Mwanahawa wa Tanga, mwanamke mnene, msafi, mpole mpaka umguse sufuria zake. Alipika chakula cha mchana cha kuuza mjini, kwa vijana wetu wa saluni na maduka ya simu. Gereji ya nyuma alikuwa nayo Papa Benoît, Mkongo wa Bukavu, na kazi yake ilikuwa kutengeneza meno. Madaktari walimletea vipimo vya midomo ya watu, naye akawatengenezea jino la kuziba pengo. Mimi chumba changu kilikuwa katikati, ukuta mmoja wa jiko na mwingine wa gereji, kwa hiyo nilikuwa nalala na harufu mbili: kitunguu huku, nta iliyoungua kule. Leo nikisikia nta inaungua popote, hata mshumaa wa kanisani, tumbo langu linasubiri kitunguu.

Jino la chuma linazaliwa hivi. Papa Benoît alichonga kwanza jino la nta, akalizamisha ndani ya plasta kwenye kikombe cha bati. Plasta ikikauka, kikombe kinaingia kwenye tanuri la umeme, na moto unapandishwa pole pole kwa saa sita, mpaka nta iyeyuke yote na kubakiza nafasi tupu yenye umbo la jino. Humo ndimo chuma kinamwagwa. Ubaya wake, moto ukikatika njiani huwezi kuanza upya. Nta imeshakwenda, plasta ikipoa inapasuka, na unabaki huna jino wala umbo la jino. "Ni kama mimba," Papa Benoît alizoea kutueleza mezani, "hauwezi kusimamisha katikati useme nitaendelea kesho." Na Bi Mwanahawa alizoea kumjibu, "Ishia hapo hapo, mie nakula."

Tanuri hilo lilipata umeme kwa waya mrefu uliopita dirisha la jiko na kuchomekwa nyuma ya friji. Siku plagi ilipoyeyuka ikagandana na ukuta, mwenye nyumba, mzee mmoja wa Kihindi asiyependa kelele, alisema ama nyaya zipangwe upya na fundi mwenye leseni, atoe na cheti, ama tanuri litoke. Ndivyo alivyokuja Wambua. Alikuwa Mkenya mrefu, mkimya, penseli sikioni, na pikapu nyeupe, bakkie kama wanavyoiita huku, yenye ngazi juu. Tulitegemea afungue sanduku la vifaa. Yeye akaomba kiti.

"Nipeni kiti na chai, nikae jikoni."

Akakaa. Saa moja, saa mbili, saa nne. Bi Mwanahawa alimzunguka na masufuria yake, mwisho akaninong'oneza kwa ule mnong'ono wake unaosikika hadi barabarani: "Huyu ni fundi au mgeni?"

"Ni fundi, mama," Wambua akajibu mwenyewe. "Nyumba nimeshaiona. Sasa naangalia watu."

Mimi siwezi kuona jambo nikaacha kuuliza. Shule niliachia kidato cha pili, na mjini nilikuwa nabadilisha vioo vya simu kibandani mchana kutwa, lakini ndoto nilikuwa nazo nyingi kuliko nguo. Kuna wiki nilitaka kuwa rubani. Nikajivutia kiti cha pili, nikamuuliza anaangalia watu wa nini. Akanifungulia lile sanduku la breka ukutani, ambalo Durban nzima wanaliita DB, akaniwekea kidole kwenye breka kubwa. Nyumba hii, alisema, imepewa ampea arobaini tu. Jiko likiwaka lote na oveni yake linakula thelathini. Tanuri kumi na tatu. Hita ya maji kumi na tatu nyingine. Birika tisa. "Jumlisha."

Nikajumlisha kwa vidole. "Haiingii, Fundi."

"Haiingii. Lakini si watu wanaishi? Kwa sababu haziwaki zote pamoja. Kila nyumba iko na saa zake. Mimi sichori waya kabla sijachora siku."

Nilimuuliza maswali mengine kama ishirini, na alipomaliza chai akatoa kwenye bakkie daftari jipya la mistari. "Wewe unaishi hapa," akasema. "Andika wewe. Wiki sita. Nani anawasha nini, saa ngapi, mpaka saa ngapi. Halafu unichoree saketi zako. Mimi nitazikagua, nitazifunga, nitasaini. Zikikaa miezi mitatu breka isianguke, nakuandikisha. Mwanagenzi wangu, na karatasi zake zote." Sijui kama aliniona nilivyoshika ukingo wa sinki. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu cha kuandika tangu kidato cha pili, mbali na fomu za uhamiaji.

Basi niliandika. Wiki sita hizo ndizo ninazozililia leo. Niliamka kabla ya Bi Mwanahawa ili nimwone akiwasha plate ya kwanza ya jiko, saa kumi na moja na nusu alfajiri, bismillahi mdomoni, kanga kichwani, na niliandika: wali, plate kubwa, dakika arobaini. Maharage ya nazi, plate ndogo, saa nzima. Saa nne jiko linazimwa, vyombo vya chakula vinapanda teksi kwenda mjini. Saa tano Papa Benoît anaingiza vikombe tanurini, anapiga ishara ya msalaba, anawasha, mpaka saa kumi na moja jioni. Jioni ni kupasha moto tu. Kabla ya hapo sikuwa nimewatazama watu hawa hasa. Kumbe Papa Benoît huzungumza na meno. "Weye, usiniletee matatizo," nilimsikia akiliambia gego moja, "mwenye atakuvaa iko na harusi." Kumbe Bi Mwanahawa, akijua Papa Benoît hajala, husema kwa sauti kubwa kwamba wali umebaki, eish, atautupa, huku ameupima tangu asubuhi ubaki sahani moja. Hayo nayo niliyaandika pembeni, ingawa hayakuwa na ampea. Jumamosi Wambua alipita kusoma, akipiga mstari kwa penseli, na alipofika kwenye ile sahani moja ya wali alikaa nayo kidogo, hakuipigia mstari, akafungua ukurasa mwingine.

Nilichora saketi zangu juu ya kitambaa cha plastiki cha meza ya jikoni. Jiko na waya wake mnene peke yake. Tanuri peke yake. Plagi za jikoni mbali na za vyumbani. Hita ya maji iwekewe saa, ijizime ikifika asubuhi. Wambua aliitandaza karatasi juu ya boneti ya bakkie, akaikagua muda mrefu mpaka nikahisi shingo inaniwasha.

"Imetulia," alisema. "Kitu kimoja. Tuweke swichi ya kuchagua hapa? Jiko likiwaka lote tanuri haliwaki, na likiwaka tanuri jiko linabaki plate moja."

"Haina haja, Fundi. Hawakutani. Yule anazima saa nne, huyu anawasha saa tano. Wiki sita hawajakutana hata siku moja."

"Na hakuna siku hii ratiba inageuka? Sikukuu, msiba, chochote?"

Yeye alikuwa mtu wa kanisani, asingejua. Mimi nilijua. Nasema kweli: Ramadhani ilinijia pale pale, juu ya boneti, wazi kabisa, masufuria yote yako motoni saa tisa alasiri. Nikaiona, nikaipita. Sababu ni ya kijinga, na ndiyo hii. Mwaka uliotangulia sikuwa nimefunga. Nilianza vizuri, siku ya tatu mwenzangu wa kibandani akafungua chipsi za siki, nikala, na baada ya hapo nikala kila mchana, halafu jioni nakaa na Bi Mwanahawa mezani nasubiri adhana kama waliofunga, napokea tende ya kwanza kutoka mkononi mwake. Niliogopa kwamba nikitamka tu neno Ramadhani mbele ya Wambua, mtu wa kusali, litafika kwa Bi Mwanahawa, mtu wa kuswali, na kunigeukia mimi. "Hakuna," nikamwambia. Akafunga nyaya, akasaini.

Miezi miwili na wiki tatu breka haikuanguka. Nilihesabu. Niliwaambia watu wa kibandani wajitafutie mtu mwingine wa vioo. Kisha Ramadhani ikaingia, katikati ya baridi ya Durban, jua linazama saa kumi na moja na watu wanataka maji ya moto kutwa nzima. Bi Mwanahawa hakupika tena alfajiri. Siku ya kwanza tu, saa nane mchana, aliwasha plate zote nne: mihogo ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga, mafuta ya sambusa, na oveni mikate ya ufuta, kwa sababu vijana wa mjini walikuwa wameagiza futari. Hita aliiwasha kwa mkono, akaipita ile saa yangu. Mimi nilikuwa mjini. Gereji ilikuwa na tanuri linawaka, vikombe vitatu ndani, na Papa Benoît alikuwa ametoka kwenda kwa daktari mmoja kuchukua vipimo. Kwa kuwa plate na oveni hujikata na kujiwasha zenyewe, breka ilivumilia, mpaka saa tisa hivi Bi Mwanahawa akawasha na birika. Taa zikazima. Akafungua DB, akainua breka kubwa kama alivyoona tunafanya, akazima birika, akaendelea na sambusa zake. Hakujua kwamba tanuri likikatwa umeme halijiwashi lenyewe. Linabaki linapepesa tarakimu, linangoja mtu.

Nilirudi nikawakuta wote gereji, na Wambua ameshaitwa. Vikombe vilikuwa juu ya benchi, vimepasuka kila kimoja. Papa Benoît alikuwa ameshika kimoja kwa mikono miwili. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Hii ilikuwa ya gogo, ule bibi muzee wa Umlazi," alisema. "Anaimba mu kwaya. Nilimwambia Jumapili ataimba na meno. Alinicheka, akafunika kinywa hivi, na mukono." Bi Mwanahawa alikuwa mlangoni na unga kwenye viganja. "Ni mie," alikuwa akisema. "Ni mie na birika langu. Mwezi mtukufu nimemharibia mtu riziki."

"Si wewe, mama," Wambua akasema. "Na si birika. Saketi zimepangwa vibaya, na sahihi ni yangu. Nilikosea hesabu."

Aliponitazama ilikuwa mara moja, haraka, halafu akaangalia pembeni kunipa nafasi. Nafasi hiyo bado naisikia. Ilikuwa ya kutosha sentensi moja. Nikatazama sakafu.

Akanipeleka nje kwenye bakkie, tukakaa mbele, madirisha yamefungwa. Adhana ikaita kutoka msikiti wa jirani, na nikakumbuka kwamba siku hiyo nilikuwa nimefunga kweli, nikaona aibu kuikumbuka. "Mimi si Mwislamu," Wambua alisema, "lakini nimefunga nyaya za Waislamu miaka mingi. Ilifaa nikuulize kwa jina, Ramadhani je? Hilo ni langu. Lakini wewe ulijua."

"Nilijua."

"Kosa la hesabu nitakusamehe hata mara kumi, Zaina. Mimi mwenyewe nimeshakosea. Lakini fundi aliyeona hatari akanyamaza, huyo siwezi kumwacha peke yake mbele ya DB ya mtu. Mtoto wa mtu atashika bomba la maji afe." Alisema taratibu, kama anayeniomba radhi. "Sitakuandikisha." Na akanifungulia mlango kutoka ndani, maana ule mlango ulikuwa haufunguki vizuri.

Kesho yake sikwenda popote. Nilikaa chumbani nikasikiliza kuta zangu mbili. Upande mmoja Papa Benoît alikuwa anachonga nta upya, kimya, haongei na meno. Upande wa pili Bi Mwanahawa alikuwa anapika kwa plate moja moja, kwa woga, anawasha hii anazima ile, na futari ilichelewa. Sijawahi kusikia jiko lenye huzuni kama lile. Tulipokaa mezani, yeye, mimi, na Papa Benoît ambaye alikuja tu kwa kuwa aliitwa mara tatu, Bi Mwanahawa alininyooshea tende, na mimi sikuipokea.

"Mama, mwaka jana sikufunga," nikasema. "Nilikula chipsi mjini kila siku, na nikaja hapa nikapokea tende yako. Na Fundi aliponiuliza kama kuna siku saketi zitaelemewa, nilijua ni Ramadhani, nikaogopa kuitaja, nikasema hakuna. Hakukosea hesabu. Alinibebea kosa langu. Papa Benoît, meno ya yule bibi nimeyavunja mimi."

Bi Mwanahawa ndiye aliyeanza. "Kwani mie sikujua?" alisema. "Mtu aliyefunga harudi kutoka kazini saa kumi anaimba, ananuka siki. Nilikuwa nakungoja useme, mwanangu." Akanisogezea bakuli. "Kunywa. Na kesho ukifunga, ufunge. Usipofunga niambie nikupikie mchana, nijue jiko litawaka saa ngapi." Hapo Papa Benoît akacheka. Ilimtoka bila kutaka, akajifunika mdomo, akacheka tena, machozi yakamtoka, na akavuta simu yake mfukoni. "Allô, Fundi? Ni Benoît. Hapana, hakuna kitu imeungua. Mutoto amesema. Ndiyo. Mbele yetu wote, na chakula iko inapoa. Basi kuja. Kuja umuangalie weye mwenyewe."

Wambua alikuja siku iliyofuata, saa kumi, akaomba kiti na akakaa jikoni kama ile siku ya kwanza, ila mara hii hakuomba chai, akasema atangoja kula pamoja nasi. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na daftari langu, nikaanza ukurasa upya, na nikaandika kila kitu: Ramadhani, Idi mbili, Krismasi, mkesha wa kanisa la Papa Benoît wanapopika sombe, kisamvu chao, kwa watu sitini, wiki za baridi kali watu wanapochomeka hita za miguuni, na mgao wa umeme, pale umeme unaporudi na nyumba nzima inawasha kila kitu kwa pupa. Kila nilipokwama niliuliza kwa sauti, nao wakanijibu kwa kelele, wakibishana wenyewe kwa wenyewe. "Andika na kipaimara," Papa Benoît alisema. "Andika na arobaini ya marehemu," alisema Bi Mwanahawa. "Hakuna aliyekufa," nikasema. "We andika."

Jumamosi hiyo tuliweka swichi ya kuchagua. Niliifunga mimi, skrubu kwa skrubu, na Wambua amesimama nyuma yangu mikono mfukoni. Nilipomaliza sikushuka kwenye kiti. Nikamwambia, "Fundi, waya wa pili sina hakika kama nimeukaza vya kutosha." Akapanda, akaujaribu, akaukaza nusu mzunguko. "Haukukazwa," akasema, na nikaona uso wake umefunguka wote, akicheka bila sauti, kwa namna ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine. Karatasi za uanagenzi zilikuwa kwenye bakkie. Alikuwa amekuja nazo.

Miezi mitatu baadaye mkataba wa nyumba uliisha. Bi Mwanahawa alirudi Tanga, Papa Benoît akafuata kazi Pretoria, na mimi na Wambua tulifanya kazi pamoja miaka minne mpaka mgongo wake uliposema basi na akarudi kwao. Tulizoea kupigiana simu, halafu tukazoea kutopigiana. Jana Papa Benoît ameniandikia tena, anaomba picha ya Fundi aiweke mezani pake. Nilikesha nikitafuta kwenye simu zangu tatu za zamani. Nina mamia ya picha za mwaka ule na miaka iliyofuata, zote ni za DB, maana alinitaka nipige picha kila kazi kabla ya kufunga kifuniko. Uso wake haumo hata kwenye moja. Lakini karibu kila picha, pembeni, kuna mkono wake: kidole kirefu chenye kucha iliyopasuka, kinaonyesha waya fulani ambao nilitakiwa kuutazama tena. Nimechagua picha iliyopigwa jikoni kwetu Overport, nikamtumia. Amejibu neno moja tu, "Ndiye," na mimi nimebaki nimeishika simu, naukuza ule mkono kwa vidole viwili mpaka unajaa kioo kizima.